Mkate Umekwisha, Tuvumilie

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika zamani. Kiwandani tulimwita Bi Spika, na hata baada ya kiwanda kufungwa na mageti kuota kutu, jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani, mpaka kwenye foleni ya maji, mpaka midomoni mwa wajukuu zake. Si kwamba alikuwa mropokaji. Katika watu wote niliowahi kukaa nao, sijaona mwenye maneno machache kama yeye. Ila alipoingia kwenye kile kibanda cha kioo juu ya ukumbi wa kusokota nyuzi na kuwasha maikrofoni, kiwanda kizima kilimsikiliza.

Mimi nilikuwa kwenye mashine za kusokota, chini ya spika. Kelele ilikuwa ya kuziba masikio, lakini sauti yake ilipenya. Zamu ikibadilika, tulimsikia yeye. Mtoto akipata homa kule chekechea, tulimsikia yeye: "Mama wa mtoto mwenye sweta la kijani, chekechea wanakuhitaji." Lakini mtu akifiwa, hilo hakulitangaza. Alishuka ngazi mwenyewe, akapita katikati ya mashine, akamshika mwenzake mkono. Kwa hiyo ukimwona anashuka ngazi mchana, kila mmoja wetu aliomba moyoni asije upande wake.

Kiwanda kilikuwa chetu, ndivyo tulivyoambiwa, na kwa kiasi ndivyo kilivyokuwa. Zahanati bure, chekechea bure, nyumba za matofali zenye bomba ndani. Mfagiaji aliitwa ndugu na meneja aliitwa ndugu. Sitasema kwamba hatukuyapenda maisha yale. Tuliyapenda. Halafu ikaja miaka ya uhaba, na hapo ndipo tulipoanza kuona nani ana funguo za ghala na nani hana.

Hayo yalipita. Tulizeeka. Bi Spika alibaki na binti mmoja, muuguzi, na binti huyo aliolewa na bwana wa ofisi ya bima. Huyo mkwe ndiye aliyetuletea habari ya gemu ya kompyuta iliyozua mambo yote haya.

Nieleze kidogo habari zake, maana ana sehemu yake. Ni mpole wa sauti na fundi wa maneno. Ana fulana nyekundu yenye picha ya ngumi, na siku akiivaa hunywi chai bila kuhutubiwa: mali igawanywe, mnyonge ainuliwe, tabaka hili, tabaka lile. Siku moja nilimkuta ameinua miguu yake juu ya stuli ili mkewe apige deki chini yake, naye mkewe ametoka zamu ya hospitali, vifundo vimemvimba, huku yeye akinieleza habari za ukombozi wa mwanamke. Chai ilinishinda kumeza. Niliirudisha kikombeni, Mungu anisamehe, na nikaomba ruhusa ya kuondoka.

"Mama," alimwambia Bi Spika, macho chini kama inavyompasa mkwe, "kuna vijana nafahamiana nao wametengeneza gemu ya kompyuta. Unajenga mji wa kijamaa, kuanzia uwanja mtupu. Unaweka kiwanda, nyumba za wafanyakazi, chekechea, kila kitu. Wanatafuta sauti ya spika ya mjini. Nikawaambia, mama mkwe wangu ndiye mwenye kazi hiyo."

"Mimi nimestaafu, baba."

"Ni kusoma tu mistari, mama. Watoto wetu wajue mlikotoka."

Hilo la watoto kujua lilimwingia. Nilimwona. Alinitazama mimi, akasema, "Utanisindikiza?"

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Kuta zilikuwa zimebandikwa sponji zenye vibonge kama trei za mayai, madirisha yamezibwa, na hewa ilikuwa nzito, ina harufu ya soksi na chakula cha juzi. Hedifoni alizopewa zilikuwa na mafuta ya masikio ya watu wengine. Alizifuta kwa leso yake, akaigeuza leso, akazifuta tena, ndipo akazivaa. Kijana mwenye gemu, waliyemwita Bosi ingawa ndevu zake zilikuwa bado za kuhesabika, alikuwa na furaha na adabu nyingi. Alituletea viti na soda.

"Anayecheza anaitwa Mwenyekiti," alitueleza. "Yeye ndiye anaamua kila kitu. Raia wakifurahi, mji unakua. Wakinuna, mji unaanguka. Na wewe bibi ndiye unayewaambia raia kinachoendelea."

Bi Spika alisoma. Zamu ya asubuhi imeanza. Chekechea mpya imefunguliwa karibu na kiwanda. Leo jioni kuna sinema ya bure. Nilikaa nyuma ya kioo na binti aliyeshughulikia mitambo ya kurekodi, na nakwambia nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ile ile, yenye mkwaruzo kidogo sasa, lakini ile ile. Nilijikuta natafuta mashine yangu kwa mkono.

Kisha akafika kwenye mstari mmoja. "Ndugu wananchi, mkate umekwisha. Tuvumilie."

Kwenye "tuvumilie" sauti ilikatika. Ilipanda, ikavunjika katikati kama sauti ya mvulana anayebalehe, halafu ikakwama kooni na mwisho ikatoka kama kwikwi.

Binti wa mitambo aliinua uso. "Bibi, turudie?"

"Usiiguse," alisema Bosi kutoka nyuma. "Hiyo hiyo. Hiyo ndiyo tunayoitaka."

Hawakujua. Bi Spika aliwahi kuyasema maneno yale, karibu herufi kwa herufi, katika mwaka wa uhaba mkubwa. Mkate wa kantini ndio uliokuwa umebaki, kila mfanyakazi kipande chake, na siku hiyo tulipanga foleni kuanzia kantini mpaka nje kwenye mtaro. Mbele yangu alikuwa mwenzetu wa kufunga marobota, mjamzito, anaegemea ukuta. Spika ikawaka. Ndugu wafanyakazi, mkate umekwisha. Tuvumilie. Na sauti ikakatika vile vile. Yule mwenzetu alikaa chini taratibu kama mtu anayekaa kupumzika, na hakuinuka mpaka alipobebwa. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Sote tulidhani Bi Spika alilia. Kwa miaka mingi watu walimpenda kwa kilio kile. Siku tuliyotoka studio, tukiwa tunashuka ngazi polepole kwa sababu ya goti lake, alinieleza.

"Sikulia, mwenzangu. Siku ile sikulia. Kile kibanda kilikuwa na vioo pande mbili. Huku nawaona nyinyi kwenye foleni. Huku nauona uwanja wa nyuma. Na kule nyuma dereva wa meneja alikuwa anapakia mikate kwenye buti la gari. Anaipanga vizuri, anaifunika kwa shuka. Nilikuwa nataka kutapika. Ndiyo maana sauti ikakwama."

"Na leo?"

"Leo nilipolisema lile neno, kile kitu kilirudi kooni. Sijui kilikuwa kinakaa wapi siku zote."

Gemu ilitoka ikiitwa Mji wa Wote. Mkwe alituita tukaione, na kusema haki, mwanzoni ilitupendeza. Uliona mji kwa juu kama ndege anavyouona. Watu wadogo wanatoka nyumbani, wanaingia kiwandani, wanapitia chekechea kuchukua watoto. Kulikuwa na nguo zinaanikwa, kulikuwa na bango la sinema. Bi Spika alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akamfuata mwanamke mmoja mwenye kilemba cha manjano kutoka kazini mpaka ndani ya jengo lake.

"Anakwenda kulala huyu," alisema. "Ametoka zamu." Na alitabasamu. Aliondoka siku hiyo akiwa amenyooka mgongo.

Haikuchukua muda mtaa ukaanza kumtania. Kwanza muuza vocha wa pale njia panda, Bi Spika alipompita: "Bibi, mkate umekwisha?" Akadhani anaulizwa habari za dukani, akajibu kwamba hajui. Vijana waliokaa kwenye benchi wakaanguka kwa kicheko. Kisha fundi wa simu. Kisha mwanafunzi mmoja kwenye ngazi za posta, simu yake ikalia, na mlio wenyewe ulikuwa sauti ya Bi Spika: tuvumilie, na ile kwikwi. Tuvumilie, na ile kwikwi. Alipoipokea simu, sisi tulikuwa bado tumesimama pale tumeshikana mikono kama watu waliomwagiwa maji machafu kutoka dirishani.

"Wameipata wapi?" aliniuliza.

Tulikwenda kwa mkwe.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mkewe alikuwa zamu hospitalini. Mlango ulikuwa wazi, na mkwe hakutusikia tulipobisha kwa sababu alikuwa amevaa hedifoni, kifua wazi, bakuli la karanga juu ya tumbo, maganda yamemganda kwenye jasho. Tulisimama nyuma yake. Kwenye kioo kulikuwa na mji mzuri kuliko ule wa kwanza: majengo yamepangwa, miti, zahanati, chekechea yenye bembea. Alikuwa amejitahidi, sikatai.

Halafu tukaona anachofanya. Aliibofya bekari ya mji, ikafungwa. Akalibofya ghala la unga, akaweka kufuli. Ghala lilikuwa limejaa. Namba zilionyesha, na hata sisi wasiojua gemu tulielewa kwamba limejaa mpaka juu. Akaegemea nyuma, akatafuna karanga, akangoja. Watu wadogo wakaanza kutoka majumbani. Wakapanga foleni mbele ya bekari iliyofungwa. Foleni ikapinda kona. Mmoja akalala chini, kisha wawili, kisha wengi, na juu ya kila aliyelala kikatokea kialama cha kijivu. Mkwe alianza kucheka kabla hata sauti haijaja, anavyocheka mtu anayejua mzaha unapoelekea. Akachomoa waya wa hedifoni ili aisikie kwa spika kubwa.

Ndugu wananchi, mkate umekwisha. Tuvumilie.

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. Alipoinama kuziokota ndipo akaiona miguu yetu.

"Mama," alisema. Alitafuta fulana yake, akaivaa kinyume, lebo kidevuni. "Shikamoo, mama. Sikusikia hodi."

"Kwa nini umelifunga ghala?" aliuliza Bi Spika.

"Ni gemu tu, mama. Wale si watu. Ni picha."

"Nimeuliza kwa nini umelifunga."

Mkwe alijaribu kutabasamu. "Unajua, mama, ule mstari hausikiki mpaka njaa iingie. Na kila mtu anaupenda. Kila anayecheza hufanya hivyo, angalau mara moja. Wanarekodi, wanashindana mji wa nani utaanguka haraka. Wewe ni maarufu, mama. Watu wanakupenda."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema waliotutangulia, na mimi nilidhani ni methali ya kuwatishia watoto. Siku ile niliuona usaha wenyewe. Yule mtu hakuwa katili. Hajawahi kumpiga mtu. Angekutana na ombaomba mlangoni angempa na kumwita ndugu. Lakini pale alipopewa ufunguo na akahakikishiwa kwamba hakuna anayemwona, jambo la kwanza alilolitamani lilikuwa kufunga ghala lililojaa na kukaa kifua wazi akisikiliza. Bi Spika hakumkaripia, kwa sababu mkwe hakaripiwi. Alisema anasikia kiu, hakungoja maji, akaondoka. Njiani alitema mate mara kwa mara pembeni ya barabara, yeye ambaye sikuwahi kumwona akitema mate katika maisha yake.

Tulirudi kwa Bosi. Alitupokea kwa mikono miwili, akamwita bibi yetu kipenzi. Bi Spika alimwomba kitu kimoja tu: autoe ule mstari, yuko tayari kuusoma upya bila malipo, ukiwa umenyooka kama tangazo la garimoshi.

Bosi alijikuna kidevu. "Bibi, kusema kweli, gemu inatembea kwa sababu ya mstari ule. Tulikuwa tunafikiria utusomee mingine. Maji yamekatika. Dawa zimekwisha. Kwa ile ile sauti yako, ile ya kukatika."

"Nikatike makusudi?"

"Ukiweza."

Binti wa mitambo aliyekuwa kwenye kona alishusha macho yake kwenye viatu. Bi Spika alimtazama usoni mpaka Bosi akaona aibu kidogo, au akaona hatari. Akasema, "Basi tufanye hivi. Wachezaji watakusanyika ukumbini mwezi ujao, tunasherehekea. Njoo uwaambie mwenyewe. Wakikubali utolewe, mimi nani nikatae? Si gemu ya ujamaa hii? Wengi wataamua."

Bi Spika alikubali. Nilimwambia asiende. Aliniambia, "Nimesema na watu kwenye spika maisha yangu yote. Nitashindwa na hawa?"

Ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa vijana, wake kwa waume, nyuso nzuri, wengine umri wa binti yake na zaidi. Mezani mlangoni zilikuwa zinauzwa fulana zilizoandikwa TUVUMILIE kifuani, na chini yake picha ya mkate uliong'atwa. Mkwe alikuwepo safu ya tatu. Bi Spika alikuwa amevaa gauni lake la kijivu la kazini, lile la kola nyeupe, alilipiga pasi mwenyewe. Alipopanda jukwaani walisimama wote na kupiga makofi, na makofi yale, ninaapa, yalikuwa ya upendo.

Alishika maikrofoni. Akangoja watulie, kama alivyozoea kungoja mashine zipungue.

"Ndugu zangu," alisema.

Ukumbi mzima ukaitikia kwa pamoja, mkate umekwisha, halafu wote wakaiga ile kwikwi, mamia ya koo kwa mara moja, halafu kicheko.

Alingoja. "Ndugu zangu, nina jambo."

Mkate umekwisha. Kwikwi. Kicheko. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu, mwanga wake mweupe unamulika gauni lake la kijivu.

Alijaribu kuanza bila neno ndugu. Alisema, "Nimekuja kuwaomba," lakini sauti yenyewe ilishakuwa mzaha. Hata angesema jina la mama yake wangecheka. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Nilijua kinachotokea mle ndani, na pengine mimi peke yangu niliyejua. Akainama, akailaza maikrofoni sakafuni polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akashuka. Bosi, ili sherehe isipoe, akaupiga mstari kwenye spika za ukumbi. Bi Spika alipita katikati yao akielekea mlangoni huku sauti yake mwenyewe ikimlilia kichwani, na waliokuwa karibu wakimgusa mabega na kumwambia, bibi, wewe ni noma, bibi, tunakupenda.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na bomba la kuoshea mikono. Alitapika hapo. Sikumshika, nilimfungulia maji tu. Alisukutua mdomo, akasukutua tena, akaosha na uso.

Binti mmoja alitufuata mpaka pale, amevaa fulana ile ile. Alisimama mbali kidogo, anavuta vuta mkono wa begi lake.

"Shikamoo, bibi. Samahani. Ilitokea kweli?"

"Marahaba. Ilitokea."

"Mkafanyaje?"

"Tulirudi kwenye mashine," alisema Bi Spika. "Zamu ilikuwa haijaisha."

Yule binti aliufunika mkate wa kifuani kwa begi lake. "Mimi pia nimewahi kufunga bekari. Kwenye gemu."

"Najua."

Sidhani kama lilikuwa jibu alilolitaka. Labda alitaka asamehewe, au agombezwe, apate kulia kidogo halafu aende zake akiwa mwepesi. Hakupata. Bi Spika alijifuta mikono kwa leso, akanishika mkono, na tukaondoka kwa miguu, kwa sababu alisema hawezi kukaa ndani ya gari lolote lenye watu.

Mstari ule haukutolewa. Uko mpaka leo. Fulana zimechakaa, vijana wamehamia mizaha mingine, lakini mara moja moja nasikia simu ikilia mahali kwa sauti ile. Yule binti wa mitambo aliacha kazi, nasikia, ingawa sijui kama ni kwa sababu hiyo; alikuja siku moja kumsalimia Bi Spika, wakanywa chai, hawakuzungumzia studio hata kidogo. Mji wa Wote wenyewe Bi Spika hakutaka kuutazama tena. Aliniuliza mara moja tu, ghafla, tukiwa tunachambua mchele, kama nadhani yule mwanamke wa kilemba cha manjano alikuwa kwenye foleni ile. Nilisema sijui. Akaendelea kuchambua.

Binti yake alipopata habari yote, aligombana na mumewe kwa wiki nzima, kisha wakapatana, kama watu wenye watoto wanavyopatana. Mkwe aliomba radhi. Aliomba kwa maneno mengi, mazuri, yenye mpangilio, na Bi Spika alimwambia amesikia.

Sasa akija Jumapili kusalimia, mambo huenda hivi. Anabisha hodi, anakaribishwa. Anatoa shikamoo, anaitikiwa. Chai inaletwa, sukari inawekwa karibu yake. Halafu Bi Spika anainuka, anachukua kiti chake kidogo, anatoka nje kuja kukaa nami kibarazani, na anakaa huko mpaka mgeni aage. Mvua ikinyesha tunasogea ukutani.

"Utaendelea hivi mpaka lini?" nilimuuliza Jumapili moja. Kule ndani tulikuwa tunamsikia mkwe anakohoa peke yake, anagonga kijiko kwenye kikombe.

"Mkwe hagombezwi," alisema. "Lakini hakuna aliyeniambia lazima nikae naye chumba kimoja."

Akavuta kiti chake karibu na changu, akaninong'oneza nimtungie uzi kwenye sindano, maana yeye haoni tena tundu lake.